Uzi wa Kupimia Soksi

Mjukuu wangu Zuhura,

Habari za Dar? Huku Marambo tunaendelea. Bibi yako yuko kwenye korosho zake. Goti langu lililopasuliwa linapona, ila mguu bado umevimba.

Unauliza mbona sikutumii vipimo vya zile soksi za kubana alizoagiza daktari. Ulisema nipimwe asubuhi kitandani, kabla mguu haujavimba zaidi. Nilielewa, ila niliogopa.

Nilipokuwa kijana, baba yangu mdogo alifariki kule Ruangwa. Wazee wakanipa ufito nikampime, ili kaburi lichimbwe kwa urefu wake. Nilianzia kisiginoni, na ufito ule tuliuacha hukohuko makaburini. Tangu siku hiyo sitaki mtu anisogelee na kipimo nikiwa nimelala.

Jana nikamwambia bibi yako. Hakucheka. Akasema, "Basi mzee, nitapima mguu tu, na wewe uwe unaongea."

Leo asubuhi akanizungushia uzi kwenye kifundo cha mguu, akaukata, kisha akazungusha mwingine kwenye shavu la mguu. Maneno yaliniishia mapema, nikaanza kuchezesha vidole. Nilivichezesha mpaka akamaliza.

Nyuzi hizo zimo humu kwenye bahasha, ule mfupi ni wa kifundo. Nunua soksi inayolingana nazo. Usichukue inayobana zaidi ukidhani itaniponya haraka.

Ukishanunua, nyuzi hizo usiende nazo nyumbani. Zitupe hukohuko dukani.

Babu yako