Tukishaingia, Hatujuani

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu,

Naanza na lile ambalo lingepaswa kuja mwisho, maana nikilichelewesha mkono utakataa kuandika. Lile jambo la kuhesabu karata kasino, ambalo baba yako amelaumiwa tangu ukiwa shule ya sekondari, hakulifanya yeye. Nililifanya mimi, na nimelificha mpaka leo.

Sasa nikusalimu kama inavyotakiwa. Hujambo, mama? Mume wako hajambo? Wale pacha wameacha kuumana? Mimi niko hivyo hivyo. Moyo umechoka. Daktari amenieleza kwa upole, na yule daktari si mtu wa upole, kwa hiyo nimeelewa. Kupanda kitandani kwenyewe napumzika katikati, na miguu imevimba hata viatu havinifai tena.

Nilipata ujumbe wako kwamba umeshakata tiketi, unakuja kuniaga. Nilifurahi mpaka nilipofika pale ulipoandika, "Lakini mjomba, yule mtu nisimkute hapo." Tangu nilipoyasoma maneno hayo usingizi umenihama. Ningekupigia simu, lakini ungekata kabla sijamaliza, na mimi, kwa woga wangu, ningefurahi ukate.

Yule mtu ndiye anayeniosha. Muuguzi huja asubuhi kunipima na kunichoma sindano, na barua hii nitampa yeye aitie posta. Kazi nyingine zote ni za baba yako. Anafunga karakana yake ya friji mapema, anakuja na mikono yenye harufu ya grisi, ananibeba mpaka bafuni kama anayehamisha kabati. Jana aliniambia, "Shemeji, umekuwa mwepesi. Nikikupakia kwenye baiskeli upepo utakuchukua." Akacheka peke yake. Mimi nilitetemeka, naye akadhani ni maji, akakimbia kuyaongeza moto. Namwogopa, mwanangu. Kila akiniinamia nawaza kwamba leo ataniuliza.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Unajua kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa mizani. Nimezunguka madukani na masokoni nikiwakamata wanaowapunja watu gramu chache za sukari. Nilipostaafu kichwa kilikosa kazi. Wenzangu walijaza mafumbo ya gazeti. Mimi nikajifunza kuhesabu karata katika mchezo wa ishirini na moja, ambao anayeikaribia namba hiyo bila kuipita ndiye anayeshinda. Si uchawi wala si wizi, hakuna kinachofichwa ndani ya mkono wa shati. Karata ndogo ikitoka, unaongeza moja kichwani. Kubwa ikitoka, unapunguza moja. Hesabu ikipanda sana, maana yake karata kubwa ndizo zilizobaki, na hizo humfaa mchezaji. Hapo ndipo unapoweka dau kubwa.

Balaa liko kwenye hilo dau. Wenye kasino humfukuza anayehesabu, lakini hawawezi kuona unachowaza, kwa hiyo wanautazama mkono wako. Mtu akiweka kidogo, kidogo tena, halafu ghafla akaweka kikubwa, kamera ya darini inamwona, na msimamizi anakuja kusimama nyuma ya kiti chake. Nilimwona bwana mmoja wa suti akisimamiwa hivyo. Jasho lilimtoka mpaka kola ikabadilika rangi. Nilirudi nyumbani nikajiapia kwamba mimi hawatanishuku kamwe.

Nikajifanya mzee aliyepotea njia. Nilikuwa namuuliza yule mama anayegawa karata, "Binti yangu, kumi na saba ni nyingi au chache?"

"Babu, jana si nilikwambia?"

"Jana ni mbali, mwanangu."

Meza nzima ikacheka. Dau langu lilikuwa dogo, na halikubadilika hata mara moja. Lakini ukihesabu bila kubadilisha dau umejisumbua bure. Unaona mlango umefunguka na wewe huingii. Nilihitaji mkono wa mtu mwingine.

Baba yako alikuwa na mkono huo. Fundi Barafu, kama walivyomwita mjini, alipenda kucheza, alipenda kelele, na mtu mwenye kelele akiongeza dau watu husema ni tabia yake. Nilimwambia nina bahati ya kuzaliwa nayo, inakuja na kuondoka. Ikija, nitavua miwani niifute, naye aongeze dau. Nikiivaa, apunguze. Kwa nini asiniamini? Mimi ni kaka wa mke wake, msomi, mtu niliyekuwa serikalini. Nikampa sharti moja tu: tukishaingia, hatujuani, maana bahati yangu haipendi kusalimiwa.

Alilipenda sharti hilo kama mtoto. Tukiwa bado barabarani alikuwa ananipita kwa makusudi, anasema kwa sauti, "Samahani mzee, kasino iko wapi? Nasikia huko wazee wanaibiwa." Nilimkemea huku nacheka.

Unielewe vizuri hapa. Hakujua kama nahesabu. Yeye alijua ni bahati.

Siku waliyomchukua ilikuwa mchana, watu si wengi. Miwani yangu ilikuwa mkononi muda mrefu kuliko kawaida, na baba yako alikuwa ameweka dau kubwa mara nyingi mfululizo. Msimamizi akaja, akamwekea mkono begani. "Bwana mkubwa, njoo tuzungumze kidogo." Wanaume wawili wakasimama nyuma yake.

"Tuzungumze hapa hapa," baba yako akasema. "Mimi sina siri, mke wangu mwenyewe analalamika."

Hakuna aliyecheka. Akanitazama mara moja, haraka, halafu akageuza uso, kwa sababu ya lile sharti. Msimamizi akanigeukia mimi. "Babu, samahani kwa usumbufu. Unamfahamu huyu bwana?"

Nikasema, "Simfahamu."

Niliogopa. Niliogopa wale wanaume, niliogopa chumba cha nyuma, niliogopa jina langu, kwamba mkaguzi wa mizani naye ameitwa tapeli.

Yaliyofuata unayajua, ila uliyaona kutoka ndani ya nyumba yenu. Walimpiga picha, wakaisambaza katika hoteli zote za tajiri mwenye kasino ile, na hoteli hizo ndizo zilizokuwa zikimpa friji za kutengeneza. Kazi zikakatika. Shuleni wakakuita binti wa mwizi wa karata. Dada yangu alifunga mizigo akaondoka nawe, akafa akiamini kwamba aliolewa na mlaghai. Nilimshika mkono pale hospitalini siku zake za mwisho. Alitaja jina la baba yako kwa uchungu, nami nikajikausha kama sikusikia.

Baba yako aliniuliza mara moja tu, miezi michache baadaye, akiwa amelala chini ya friji yangu na bisibisi mdomoni. "Shemeji, wale walisema nahesabu. Nahesabu nini? Mimi hata chenji inanipiga chenga." Nikamjibu kwamba labda walimfananisha na mtu. Akasema, "Basi vizuri sikukutaja. Wangekupaka matope na wewe bure." Akaendelea kukaza skrubu. Hakumwambia hata mama yako kwamba nilikuwepo.

Ndiyo maana nakuomba, usimzuie. Ukigonga mlango huu, mwache yeye akufungulie. Nimejaribu kumwambia mwenyewe. Jana maneno yalifika kooni, akaniuliza kama nataka kutapika, akaleta beseni. Nisipokuwepo utakapofika, msomee barua hii, yote. Akikasirika, ana haki. Ninachoogopa zaidi ni kwamba hatakasirika.

Nisalimie mume wako, na mama mkwe wako aliyenitumia ile dawa ya kuchua; inanuka sana lakini inasaidia. Pacha waambie kwamba babu mmoja anaondoka, ila wanaye mwingine ambaye hawajamwona, mzima wa afya, anayejua kuchekesha kuliko mimi. Mungu akufikishe salama na akulainishie moyo. Kwangu si lazima. Kwake, tafadhali.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye bila kuthubutu kukudai lolote.

Nimeshatia sahihi, na muuguzi bado hajafika, na karatasi ina nafasi. Nimekuandikia kwamba niliogopa. Ni kweli, lakini hofu ile ilikwisha mapema. Nilipojibu kwamba simfahamu, msimamizi aliniambia, "Babu, kama umeshtuka nenda nyumbani ukapumzike." Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ningeweza kutoka, nikazunguka nyuma, nikamsubiri baba yako nje. Ningeweza kumkimbilia mama yako. Sikuinuka. Karata ndogo zilikuwa zimetoka karibu zote, hesabu imepanda kuliko nilivyowahi kuiona tangu nianze. Wakawa wanamtoa baba yako kwa mlango wa nyuma, akiwaomba wasimvute shati, na kila mtu pale ndani, hata yule mama wa karata, akageuka kumtazama. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na jicho hata moja juu yangu. Nikavaa miwani, nikasukuma mbele fedha zangu zote ziwe dau.