Yule Mama Asiyelia Katika Filamu ya Constant

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nimerudi kutoka salle ya mikutano ya parokia, viatu vimejaa tope lote la mtaa wa Majengo. Constant ametuonyesha filamu yake kwa mara ya kwanza. Mimi nilialikwa kwa kuwa ndiye nitakayeandika maneno ya Kifaransa chini ya picha. Miaka kumi na tisa ya kufundisha Kifaransa imenifikisha hapo — sawa.

Hadithi ni ya mume na mke waliokimbia Masisi, wanaishi kambini. Siku moja mtu anakuja kuwaambia kwamba kijana wao mkubwa, dereva, ameuawa njiani. Achille, yule wa teatre, anacheza baba. Analia, anapasua shati, anajigalagaza juu ya mawe ya volkano mpaka salle nayo ikalia. Walimpigia makofi wamesimama.

Mama anachezwa na mwanamke wa kambi ya Kanyaruchinya, anaitwa Léocadie. Anaonekana kuliko Achille, karibu kila picha ni yake, lakini hafanyi kitu. Anafua. Anawasha moto. Anatazama. Habari ya kifo inamkuta akichambua maharagwe, naye anaendelea kuchambua. Basi.

Jirani yangu Mama Bénie alininong'oneza kwamba yule amesahau maneno yake. Nikakubali. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: nilikubali.

Wakati wa kutoka nilimwona Léocadie kwenye benchi la nyuma, kitambaa cha kichwa mkononi. Watu walimpita kwenda kumshika Achille mkono. Hakuonekana kuumia. Usoni hakukuonekana chochote.

Jumanne, 14 Januari

Courant imekuja saa nne asubuhi, taa zimewaka, nimeanza kazi. Achille anasema sana, vidole vinauma. Kwa Léocadie zinapita dakika nzima sina la kuandika. Nilifurahi — kazi nyepesi.

Halafu nikajikuta namtazama yeye hata pale Achille anaposema. Nimeruka mistari miwili ya Achille. Nimerudi, nimeiruka tena. Sijui nina nini.

Kuna mahali mume anamdanganya kwamba amepata kazi sokoni Birere. Anamjibu, "Ni vizuri." Hayo tu. Niliandika *C'est bien*. Nikafuta. *Ah bon*. Nikafuta. Maana anajua kwamba anadanganywa, na amesamehe, na amechoka kusamehe. Ameliweka wapi jambo lote hilo? Usoni hakuna kitu. Nimesimamisha picha, nimesogeza macho mpaka kwenye kioo — hakuna kitu. Lakini lipo.

Saa nzima kwa maneno mawili. Courant ikakatika.

Jumatano, 15 Januari

Maharagwe.

Nimeona leo, baada ya kuangalia mara sita au saba. Kabla ya ile habari anatoa mawe na maharagwe yaliyooza, anayatupa chini, mazuri yanabaki kwenye ungo. Baada ya habari mikono haibadiliki. Haiendi haraka, haitetemeki. Ila sasa anatupa yale mazuri. Mawe anayaacha kwenye ungo.

Nilifunga mashini yangu ya kompyuta nikaenda kusimama nje, mvua inanyesha. Salle nzima hatukuona. Tulikuwa tunamtazama Achille.

Ama ni bahati tu? Mwanamke anaogopa kamera, anakosea. Inawezekana. Nataka isiwe hivyo, na sielewi kwa nini nataka.

Ijumaa, 17 Januari

Constant amekuja kuona kazi. Ni kijana mzuri, ametoka radioni, filamu hii ameifanya kwa jasho. Alinieleza kwamba watu wa festival ya Kinshasa wanangoja mwisho wa mwezi, na kwamba atapunguza sehemu za Léocadie. Maharagwe yatabaki sekunde kumi. Filamu itamalizikia kwa Achille juu ya mawe.

Nilimwonyesha. Alitazama, akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Labda alikosea," akasema.

"Na kama hakukosea?"

"Mama Kahindo, hata kama hakukosea. Nani ataona?"

Mimi mwenyewe, ambaye nalipwa nitazame, sikuona.

Alipofika mlangoni aliongeza kwamba Léocadie hachezi: "Ule mama njo vile iko. Nilimuchagua juu ya sura. Nilimuambia alie, hakuweza."

Hapo nilichanganyikiwa zaidi. Kama hajui kucheza, mimi nimekuwa nikisifu nini siku nne hizi? Huzuni ya mtu? Hilo lingekuwa jambo baya.

Jumapili, 19 Januari

Baada ya misa nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kanyaruchinya. Nilimkuta Léocadie ndani ya hema lake, anashona gauni la binti mdogo. Nje mama mkwe wake, Nyirakamana, kikongwe mwembamba, amekaa juu ya bidoni tupu la maji anafuma kikapu. Nilimsalimu, akainua kichwa tu. Kiswahili chake ni kidogo sana, anasema Kinyarwanda cha Masisi, na mimi kama Munande wa Butembo sisikii hata neno.

Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kati.

"Mama Léocadie, yale maharagwe. Ulifanya kusudi?"

Akaacha sindano. "Uliona?"

"Niliona."

"Wewe njo wa kwanza." Hakufurahi wala hakukasirika. Akarudia kushona.

Nikamwambia wanavyosema, kwamba yeye hachezi, kwamba ndivyo alivyo. Hapo akacheka, mpaka akashika mbavu.

"Mie? Siku waliniambia bwana yangu amekufa, batu batatu walinibeba. Nilitapika. Sauti ilipotea juma mbili. Mie nilifanya kama Achille."

"Basi yule mwanamuke wa filme ni nani?"

Akaelekeza kidevu nje, kwa mama mkwe.

Akanieleza polepole, huku akishona. Aliyekufa alikuwa mume wake yeye, naye huyohuyo ni mtoto wa Nyirakamana. Waliletewa habari pamoja, uwanja mmoja, dakika moja. Nyirakamana alikuwa anafuma kikapu, akaendelea kufuma. Hakutoa chozi siku ile wala siku ya maziko. Tangu hapo Léocadie amemchukia. Miaka saba — wamekimbia pamoja mara tatu, wanalala chini ya turubai moja la sheeting, na anamchukia.

"Constant aliniambia lia. Nikajaribu. Nikaona ninalia yangu, haimufae yule mama wa hadisi. Nikamutafuta mwingine. Nikajiuliza: kama mie ningekuwa huyu muzee, mikono ingefanya nini? Njo ile ikakuja, ya maharagwe." Akakata uzi kwa meno. "Tulipomaliza nilirudi hapa, nikamukuta anakula. Sikujua tena nimuangalie namna gani."

"Na sasa?"

"Asubuhi ninamuchukia. Mangaribi sijui."

Nikamuuliza kama mama mkwe ameiona filamu. Hapana, hakuna aliyemwalika.

Nilishuka mjini nikiwa nimesahau hata kumwambia kwamba watamkata. Au sikusahau, niliogopa. Nilikwenda kuuliza kama ule ni uchungu wake, na nimeambiwa ni kazi. Alifikiri, akajaribu, akatupa, akachagua — kama fundi yeyote. Ningepaswa kutulia. Sijatulia. Kwa muda wote niliokaa pale nilikuwa nageuka kumtazama yule bibi nje, nikitafuta kitu usoni mwake, na sikukiona.

Ijumaa, 24 Januari

Mabomu upande wa Sake tangu jana, madirisha yanalia. Shule imefungwa. Mama Bénie ameondoka na boti. Mimi sina pa kwenda, barabara ya Butembo imefungwa muda mrefu.

Constant alipiga simu, réseau inakatika-katika. Amevuka mpaka kwenda Gisenyi na watoto. Disk yake kubwa imebaki nyumbani na nyumba imefungwa, kwa hiyo filamu nzima iko kwangu tu. Nitafute mtu wa kuvuka na flash. Nikamuuliza: nzima, au nimkate Léocadie?

Akasema hana kichwa cha hayo, nifanye ninavyoona.

Ninavyoona! Nani alinipa mimi kuona?

Sikumkata. Niliandika maneno ya mwisho kwa mwanga wa dirisha. Kwa lile "Ni vizuri" nimeacha *C'est bien*. Atakayesoma atamtazama yeye, au hatamtazama.

Jumapili, 26 Januari

Sina uhakika wa kuandika leo lakini nikikaa bure nasikia milio.

Tangu alfajiri Kanyaruchinya yote inateremka. Magodoro, mbuzi, wagonjwa juu ya tshukudu, zile baiskeli za mbao, watoto wamefungwa kamba kiunoni wasipotee. Saa tano mtu aligonga lango — Léocadie, binti zake wawili, na Nyirakamana, aliyebebwa na Léocadie mgongoni kama mtoto. Alikumbuka nilimwambia nakaa karibu na kituo cha maji. Nimewapa chai. Mabinti wamelala palepale chini.

Courant hakuna. Mashini ina asilimia kumi na nane. Viateur, jirani anayeuza vitenge Birere, anavuka Gisenyi na familia yake, kama barrière ya mpaka bado iko wazi. Amekubali kumpelekea Constant flash. Nilikuwa naanza kuinakili filamu humo, mashini ya zamani, inataka dakika ishirini na haiwezi kazi mbili kwa pamoja.

Léocadie akaona. "Ile ni filme?"

"Ndiyo. Nzima. Inaenda."

Akamtazama mama mkwe wake, halafu mimi. "Muonyeshe. Kipande kile tu."

Nilitazama betri. Nilionyesha.

Nyirakamana alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mtu wa habari akafika, akasema. Achille akapiga kelele. Bibi hakumgeukia hata kidogo. Alitazama mikono. Yale mazuri yalipoanza kuanguka chini aliweka kidole kwenye kioo, juu ya mikono ile, akasema kitu kwa Kinyarwanda, kirefu, kwa sauti ya chini, akiwa hamtazami mtu.

Nimemuuliza Léocadie amesema nini. Hakunitafsiria. Amekaa chini kando ya bibi, mabega yanagusana, na uso wake ni ule wa filamu, hausemi kitu, na sasa sijui kabisa ni wa nani.

Kipande kimekwisha. Bibi amenitazama mimi na kusema kwa Kiswahili, "Tena."

Asilimia kumi na moja. Viateur anapiga honi langoni. Nimetoka, nimemwomba dakika kidogo, amesema mke wake analia ndani ya gari, hawezi kungoja zaidi ya dakika ishirini. Nikianza kunakili sasa hivi, labda. Nikirudia kile kipande, sidhani. Naandika nimesimama kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Honi tena. Nimenyoosha mkono kuchukua mashini. Léocadie ameishika, haachii, na bibi bado ameinamia kioo.

Nimemwambia, "Mama, ni wewe unaenda humu ndani. Wakuone watu."

Hakunitazama. "Wacha kwanza," amesema. "Iko anaangalia."