Kizimba Kilichokuwa Changu

Kaka Othieno,

Korti yako imekuwa maktaba. Ungekuwa hai ungecheka mpaka ukohoe. Juzi nilitoka Busia, upande huu wa Kenya ninakoishi tangu nilipokimbia, nikavuka mpaka, nikaenda kuiona kwa macho yangu. Sikuwa nimekanyaga pale kwa zaidi ya miaka arobaini. Hata siku tulipokuzika, mwaka juzi, nilizunguka nje ya mji.

Ukuta ni ule ule wa matofali, na ukikaa dirishani bado unauona mwamba wa Tororo. Penye kiti cha hakimu pana meza ya binti wa maktaba. Kizimba hawakukibomoa. Wamekipiga msasa, wakakipaka vanishi, na ndani yake wanapanga magazeti. Nilisimama mlangoni nimevua kofia, kama zamani. Yule binti akacheka. "Mzee, hapa hakuna kesi tena. Ingia tu, watu nasoma bure."

Nikakaa kwenye benchi, nikakuona. Umesimama kati ya hakimu na mshtakiwa, suruali ya kaki imepigwa pasi, kipande cha tangawizi shavuni ili koo lisikauke. Mshtakiwa anasema Kidhopadhola, lugha yetu, wewe unasema Kiingereza, na kila mara unasema "mimi", jinsi kazi yenu ya ukalimani ilivyotaka. "Mimi niliiba kuku. Mimi nilimpiga jirani." Jioni Mama alikuita kutoka jikoni: "Mwizi wa kuku amerudi! Mpeni maji anawe." Uliwahi kunieleza kwamba mkalimani akisema "yeye" ataanza kumhukumu mtu, akisema "mimi", anambebea tu maneno yake.

Kahawa ilikuwa yangu. Naliandika hili ili mkono uzoee. Magunia mawili, nilijaribu kuyavusha kwenda Kenya kwa magendo, kwa baiskeli, karibu na Malaba, kama vijana wengi wa wakati ule. Waliponikamata, ulisimama mbele ya hakimu ukanidhamini: utahakikisha nafika siku ya kesi. Kabla ya siku hiyo nikavuka kwenda kwenye msiba wa shangazi yetu. Huko nikasikia kwamba wenye kesi za kahawa wanachukuliwa na askari na hawaonekani tena. Sikurudi. Nilijiambia wewe ni mtu wa korti, hawatakugusa. Na sisi watu wa mpakani tulikuwa na kosa letu: tulidhani ukivuka mto, kesi inabaki ng'ambo peke yake. Haikubaki peke yake. Ulibaki nayo wewe.

Kwa kuwa ulinidhamini, walikufunga badala yangu: ulikaa miezi mingi katika mahabusu ile ya nyuma ya korti. Ulitoka na kikohozi, bila kazi, ukarudi kulima mtama. Ulipokuja kunitembelea Busia uliniletea karanga, ukaniuliza, "Unakula wewe? Mbona shati limekuwa kubwa?" Lile jambo hukuligusa. Nami nikakuacha usiliguse, mwaka hadi mwaka, mpaka ukafa.

Mahabusu sasa ni chumba cha watoto. Wameipaka rangi ya manjano. Watoto watatu walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni, wanasoma. Mmoja, msichana mwenye paji lako la uso, ni mjukuu wako. Sikuweza kuingia.

Binti wa maktaba anakusanya majina ya watu waliofanya kazi pale, yaandikwe kwenye ubao utakaotundikwa ukutani Jumamosi. Nikataja lako. Mzee mmoja akainua kichwa kutoka kwenye gazeti. "Othieno? Ule wa kahawa! Mkalimani mzima, nafanya magendo!" Watu wakacheka. Mjukuu wako akatokea mlangoni kusikiliza. Binti akaniuliza kwa upole, "Mzee, ni kweli alifungwa?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo tu, Kaka. Akapitisha mstari juu ya jina lako, taratibu, kama mtu anayeona haya. Nami nikafungua gazeti nikasoma bei ya mahindi.

Ugenini nimesoma vitabu vingi, nikawa najiona mtu wa maneno, na siku ile nilikutolea neno moja tu.

Jumamosi nitakwenda mapema, kabla ubao haujatundikwa. Nitawaomba waondoe magazeti kidogo. Naogopa, na huenda mjukuu wako asitake kunisalimia tena. Lakini nitaingia kizimbani, mahali nilipopaswa kusimama siku ile, na nitasema kwa Kidhopadhola, kisha kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakuelewa: "Mimi nilibeba kahawa. Mimi nilikimbia. Othieno alifungwa kwa ajili yangu." Halafu nitamshikia binti ubao mpaka aliandike jina lako.

Pumzika, Kaka. Umesema "mimi" kwa ajili ya watu wengi mno. Hii ya kwangu niachie.

Mdogo wako,
Okoth