Kigae Kilicho Kwenye Kabati

Kemunto mjukuu wangu,

Huku Kapsoit tuko salama, ng'ombe amezaa. Umeuliza mbona naweka kigae kabatini.

Nikiwa msichana wa kuchuma chai, alikuja Mfaransa, mbunge kwao na msomi wa mambo ya kale. Alichimba karibu na kambi yetu, akapata kigae, akakisafisha kama anaosha mtoto. Kumbe ni cha chungu changu kilichovunjika Krismasi! Nikamwambia. Hakucheka.

"Nani alikufundisha kufinyanga?"

"Nyanya yangu."

"Aliitwa nani?"

Sikulijua jina lake. Kwetu mkubwa haitwi kwa jina lake. Tulimwita Nyanya tu. Yule Mfaransa alijua majina ya wafalme waliokufa zamani sana.

Alinirudishia kigae, nikalia. Mpaka leo sielewi nililia nini.

Ni mimi nyanya yako. Naitwa Kwamboka.