Almasi Nyeusi Niliyoichora Kurasini

Dada Zuhura,

Shikamoo. Mama mguu unaendeleaje? Mie mwili mzima, moyo ndio unaoniuma.

Msiba wa Mzee Shomari, jirani yetu wa huko Kilwa aliyenipokea kwake Temeke, mlishausikia: aliangukiwa na mzigo akiwa kazini kwenye kampuni yetu hapa bandarini. Nililowaficha ni hili.

Kampuni ilipouzwa, wenyewe wapya walitaka kujua programu ya kompyuta ya kutunza orodha ya wafanyakazi imekaaje. Aliyeiandika alishaondoka, hakuacha maelezo. Nikapewa mie niisome mstari kwa mstari na kuichora: kila kundi kisanduku chake, kisha mistari ya kuonyesha kundi hili linahusianaje na lile. Nikakuta kundi la Mtegemezi, yaani mke na watoto, linaundwa ndani ya lile la Mfanyakazi, halina pengine pa kukaa. Uhusiano wa namna hiyo huchorwa kwa alama ya almasi nyeusi: akifutwa mfanyakazi, wategemezi wake wanafutika naye. Na kampuni iliahidi kuwatibu wajane na yatima. Nikamfuata bosi.

"Chora kilichopo, Idi," akasema. "Maoni baadaye."

Nikachora. Nikanyamaza.

Mzee alipofariki, jina lake likafutwa. Wiki ya tatu mjane wake, Bi Mwajuma, akampeleka binti yao Rukia kwenye zahanati ya kampuni, pumu imembana. Karani akatazama kompyuta, akamwambia, "Mama, huyu mtoto hayumo." Wakabishana. Mwisho mama akambeba mtoto mgongoni kwenda hospitali nyingine. Hawakufika.

Tulimzika Rukia Alhamisi. Ijumaa bosi akaniruhusu kuirekebisha programu, wategemezi wabaki hata mfanyakazi akiondolewa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, Dada. Asubuhi moja tu.

Juzi nikaenda kwa Bi Mwajuma nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta mchele.

"Uliliona kabla?"

"Niliona, mama."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akaendelea kupepeta. Sikujua niondoke au nikae. Kisha akasema, bila kunitazama, "Jumamosi narudi Kilwa. Kama una barua ya kwenu, ilete."

Basi aliyekukabidhi hii ndiye yeye. Mpe chumba changu mpaka atakapopata pa kukaa, na usimuulize kitu.

Nisalimie Mama, shemeji yangu mumeo, na shangazi yetu mkunga, aliyempokea Rukia alipozaliwa. Yeye mwambie taratibu.

Mdogo wako,
Idi