Kipande cha Ini Lako Kilichobaki Hospitali

Shangazi,

Tumeamua jambo kuhusu mwili wako na wewe hukuwepo kusema unataka au hutaki. Ndiyo maana nakuandikia. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kukuamulia kitu, hata rangi ya mapazia, na mimi uliyenilea ndiye niliyelipeleka ombi lenyewe.

Duka bado lipo. Baba Mdogo Salum analifungua asubuhi, lakini anakata kitambaa kwa woga, anapima na kupima tena, na wateja wako wanamwambia usoni, "Dada yako hakuwa hivi." Yeye anaendelea kupima. Bibi ameanza kula kidogo. Mimi nimerudi maabara. Nikipita Kariakoo bado nanyoosha shingo juu ya vichwa vya watu kuutafuta mtandio wako, halafu nakumbuka. Basi.

Swali lako sijalisahau. Ulikuwa umelala wodini, macho ya manjano, daktari ametoka kutuambia kwamba saratani imetoka kwenye ini na kufika kwenye mapafu. Ukanigeukia. "Wewe daktari wa panya. Kila siku unanihubiria kinga ya mwili, kinga ya mwili. Hao askari wangu walikuwa wapi?" Nikasema nitakueleza ukipata nafuu.

Nakueleza sasa. Walikuwepo, Shangazi. Hawakulala wala hawakukimbia. Ini limejaa seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na kupambana na wavamizi, na uvimbe unapoota seli hizo huufuata. Lakini seli za saratani nazo hutoa vipande vidogo mno vya RNA, kemikali inayobeba maagizo ndani ya seli, vimefungwa ndani ya vifuko visivyoonekana kwa macho, na kuvituma kwa hao wanaokuja kupigana. Ungeelewa haraka, wewe uliyeishi na mawinga. Winga hana duka wala mzigo. Anasimama njiani, anamnong'oneza mteja, "Dada, hapo bei kubwa, nifuate mimi," na mteja aliyekuwa anakuja kwako anaishia kwa jirani. Vipande hivyo navyo havijengi kitu chochote. Vinazima maagizo fulani ndani ya seli, na seli iliyokuja kupigana inaweza kubadilika: inaacha vita, inawatuliza wenzake, inasaidia hata mishipa mipya ya damu kuota, na saratani inapata njia ya kusafiri. Si vyote vibaya. Vingine huizuia isitembee, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyopungua ndani ya uvimbe. Ulikuwa ukiniambia kuhusu mawinga, "Usimchukie. Mjue tu anakula kwa nani." Maabara tunajaribu kujua hilo hilo, na bado tunajua kidogo. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, sijui. Hakuna aliyeangalia.

Na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kile kipande walichokutoa kwa sindano ulipolazwa, chembamba kama uzi, bado kipo hospitali, kimegandishwa ndani ya nta. Mwalimu anayesimamia utafiti wetu aliniambia kinaweza kutumika pamoja na vya wagonjwa wengine, ila familia ikubali kwanza, na mimi nisimshawishi mtu. Nikangoja mpaka baada ya dua ya arobaini yako. Wageni walikuwa wameondoka, masufuria ya pilau yanaoshwa uani. Nikawaeleza.

Baba Mdogo akasimama. "Kwa hiyo dada yangu tumemzika pungufu?"

Akanigeukia mimi.

"Kiungo cha Muislamu kinazikwa. Kakichukue, nikamalizie kumzika."

Bibi hakumtazama. Aliniuliza mimi. "Wakimaliza kazi yao watakirudisha?"

Neno moja la uongo lingetosha. Nikamwambia kweli: kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vinatiwa kwenye dawa, na kinachotumika hakirudi. Kinaweza kuisha chote.

"Umemsikia, Mama," Baba Mdogo akasema. "Wala hata haoni haya. Shangazi yake huyu."

Nikatoka uani kusaidia kuosha. Nilitaka wakubali, Shangazi. Nilitaka sana, mpaka nikajiona kama fisi anayezunguka kaburi. Sikujua kama nakitaka kwa ajili ya wagonjwa watakaokuja, au kwa sababu kwenye maabara kungekuwa bado na kitu chako. Sijui mpaka leo.

Bibi akaniita. Alikuwa amemkalisha Baba Mdogo karibu naye, amemshika mkono kama mtoto.

"Salum, dada yako alipoletewa dukani habari ya maiti asiye na ndugu, alifanyaje?"

"Alimkatia bafta ya sanda. Bure."

"Akimjua?"

"Hamjui, Mama. Watu tu wa mjini."

"Basi. Mwanangu kawavika watu asiowajua, na hawa wagonjwa wa huko hospitali nao hakuwajua. Wape." Kisha akaninyooshea kidole. "Kitakachobaki uniletee. Kama ni nta tupu, leta nta."

Baba Mdogo akaondoka bila kuaga. Siku zikapita hasemi nami, na mimi nikaona haki yake. Juzi akanipigia simu kutoka dukani, kelele za Mtaa wa Kongo zimemzunguka, akauliza bila salamu, "Ini liko upande gani?"

"Kulia, Baba Mdogo."

Nikamsikia akimwambia mteja asubiri.

"Ndio ubavu tuliomlazia," akasema. "Basi kitakachobaki tutakifukia upande huo."

Kipande chako kina namba tu, Shangazi, hakina jina. Kikifika mezani kwangu sitakujua, na ndivyo inavyotakiwa. Nimelikubali hilo, ingawa siku nyingine linaniuma. Ninaloweza kukuahidi ni dogo. Sitasema nimepata jibu kabla sijalipata, hata kwa kuwatuliza wenzangu, hata kwa kukutuliza wewe. Na watakaponiita kuchukua kilichobaki, nitampitia Baba Mdogo dukani, afunge mlango, tuje kwako, makaburini Kisutu, pamoja.

Pumzika, Shangazi. Mola akupe nafasi pana na hewa nzuri huko ulikotangulia.

Mwanao,
Zuhura