Majivu ya Kinu cha Pamba

Mwamapalala, Jumanne

Mikono bado inawaka. Majivu ya kinu cha pamba yanakula ngozi hata nikijipaka mafuta. Zamani yalitupwa tu bondeni. Tangu mwekezaji anunue kinu, tunayakoroga na maji na kuyashusha kwenye shimo refu, kisha gesi ya moshi wa kinu inasukumwa humo. Injinia wake anasema gesi ikikutana na majivu inageuka jiwe, haitoki tena.

Mama Kabula, mwenye malisho lilipochimbwa shimo hilo, haamini. Anaogopa gesi itapanda iue ng'ombe wake. Akikataa, kazi imekwisha, na mimi nitarudi nyumbani Songea mikono mitupu.

Leo injinia alitoa kipande cheupe kutoka shimoni, akakikamulia ndimu. Kikatoa povu.

"Hiyo ndiyo gesi, mama. Imefungwa humo."

"Wewe unalala wapi?" mama akamuuliza.

"Bariadi mjini, gesti ya Somanda."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, ng'wanawane, mwanangu?"

"Hapo hapo kwako, mama, kwenye banda la nje."

"Basi hamia pale kando ya shimo. Ukiamka salama kila siku mpaka mavuno, nitakubali, na ng'ombe wangu watakufuata kulisha hapo."

Wenzangu wakacheka. Nikasema sawa.

Naogopa, nisijidanganye. Lakini kipande kile nilikishika mwenyewe, kigumu kweli.

Jioni nilimwomba injinia kitanda cha miguu mirefu, maana gesi hiyo hutambaa chini. Akasema ataleta viwili, kimoja chake.